Programu huria: Zana za kompyuta na blogu zisizohitaji kuchakachuliwa

Umenunua laptop iliyotumika. Fundi amekupigia Windows, akakuwekea Word na Photoshop kutoka kwenye flashi yake, ukalipa, ukaondoka. Miezi michache baadaye mstari mwekundu unatokea juu ya Word: programu haijasajiliwa. Siku nyingine unafungua, inakuruhusu kusoma tu, kuandika haikubali. Na kazi ya mteja inatakiwa leo jioni.

Hiyo ni shida inayoonekana. Kuna nyingine isiyoonekana. Ili programu ya kulipia ikubali kufanya kazi bila leseni, lazima mtu usiyemjua awe ameifungua na kuibadilisha. Mara nyingi maelekezo yake yanakutaka uzime antivirusi kwanza. Alichoongeza humo ndani hukijui, na nenosiri la barua pepe, la blogu na la benki yote yanapita kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Kisheria pia hauko salama. Sheria za hakimiliki za Tanzania na Kenya zinalinda programu za kompyuta kama zinavyolinda vitabu.

Njia halali na ya bei nafuu ipo: programu huria. Haya ndiyo mambo ya kujua kabla ya kuanza.

Programu huria ni nini?

Kila programu huandikwa kwa msimbo, yaani maelekezo ambayo kompyuta huyafuata. Kampuni nyingi huuficha msimbo wao. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inampa kila mtu ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza inavyofanya kazi, kuibadilisha, na kuigawa kwa wengine.

Kwa hiyo fundi akikuwekea LibreOffice kutoka kwenye flashi yake, hajavunja sheria. Leseni inamruhusu. Na ukiitumia kwa biashara yako, hakuna wa kukudai.

Harakati hizi zilianza Septemba 1983, Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alianzisha Linux. Kama una simu ya Android, tayari unatumia kazi yake: kiini cha Android ni Linux.

Bure si lazima iwe huria

Hapa wengi wanachanganya. Canva, CapCut na Google Docs unaweza kuzitumia bila kulipa, lakini msimbo wake umefungwa. Mwenye nazo akiamua kesho kwamba kitu fulani kilipiwe, kitalipiwa. Programu huria haifungiki hivyo, kwa sababu leseni ya toleo ulilonalo hairudishwi nyuma. Watengenezaji wakiiacha, wengine wanaweza kuuchukua msimbo na kuendelea.

Mfano ni Blender, programu ya katuni na michoro ya 3D. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa inaimiliki ilifungwa. Watumiaji wakachangishana euro 100,000, msimbo ukanunuliwa na kuwekwa wazi. Mwaka 2025 filamu ya Flow, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda Oscar ya filamu bora ya katuni.

Zana za kuanza nazo

1. LibreOffice (kuandika, mahesabu na slaidi). Inafungua na kuhifadhi faili za Word, Excel na PowerPoint. Inasimamiwa na The Document Foundation, taasisi yenye makao Berlin, Ujerumani. Kwa wanaoandika Kiswahili, ina kamusi ya kukagua tahajia, kwa hiyo maneno yako hayatajaa mistari myekundu. Windows 7 au 8? Toleo la 25.8 la Agosti 2025 haliungi mkono tena mifumo hiyo.

2. GIMP (picha). Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Inakata, inasafisha, inapunguza ukubwa wa picha na kutengeneza mabango. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. Kwa nembo na michoro isiyopoteza ubora ikikuzwa, tumia Inkscape.

3. Audacity (sauti). Inafaa kwa podikasti na mahojiano. Umerekodi chumbani na feni inanguruma? Teua sekunde chache ambazo hakuna anayezungumza, iambie programu ijifunze kelele hiyo, kisha iiondoe kwenye rekodi nzima. Usiiondoe kupita kiasi, sauti itakuwa kama inatoka kwenye pipa.

4. Kdenlive na OBS Studio (video). Ya kwanza inahariri video, ya pili inarekodi skrini na kurusha matangazo mubashara.

5. VLC (kuangalia). Ilizaliwa kwa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris. Video iliyogoma kwingine kote, jaribu hapa kwanza.

6. KeePassXC (nenosiri). Inahifadhi manenosiri yako kwenye faili moja lililofungwa, ndani ya kompyuta yako. Ukilisahau nenosiri kuu, hakuna wa kukufungulia. Liandike mahali salama.

Kwa wenye blogu

WordPress ilianza Mei 2003, kazi ya Matt Mullenweg na Mike Little. Walichukua msimbo wa programu ya blogu iitwayo b2 ambayo maendeleo yake yalikuwa yamesimama, wakauendeleza. Leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani.

Kuna WordPress mbili. WordPress.com ni huduma: unafungua akaunti, wao wanakuhifadhia blogu kwa masharti yao. WordPress.org ni programu yenyewe: unaichukua bure, unatafuta mwenyewe jina la tovuti na mahali pa kuihifadhi, na hivyo viwili vinalipiwa kila mwaka. Ukishindwa kulipia, blogu inatoka hewani hata kama programu ni huria.

Kwa hiyo hifadhi nakala. Kwenye menyu ya WordPress kuna sehemu ya kutoa faili lenye makala na maoni yote. Angalia vizuri: faili hilo linabeba maandishi na viungo vya picha, picha zenyewe hazimo. Zipakue kivyake.

Kitu kingine ni mandhari na programu-jalizi za kulipia zinazogawiwa bure kwenye makundi ya Telegram. Hizo ni za kuchakachua kama ile Word ya fundi. Zinaweza kuwa na mlango wa siri unaomruhusu mtu kuingia kwenye blogu yako, kuweka matangazo ya kamari au kukufungia nje. Miaka mitano ya makala inaweza kuondoka usiku mmoja. Zilizo bure na zilizokaguliwa zipo kwa maelfu kwenye WordPress.org.

Kompyuta yako ni ya zamani?

Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi zilizotumika hazikidhi masharti ya Windows 11. Kabla hujaitupa, jaribu Linux.

Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni lile lile neno la Kibantu linalolingana na utu. Kwa anayetoka Windows, Linux Mint ni rahisi zaidi kuzoea: menyu iko chini kushoto kama zamani. Inahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache, lakini GB 4 ndiyo inayokaa vizuri.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kuijaribu bila kufuta kitu. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, unaangalia kama Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi. Haikufai? Chomoa, washa upya, Windows yako iko pale pale. Faili lake ni karibu GB 3, hivyo tafuta Wi-Fi badala ya kumaliza bando.

Kiswahili kilishaingia

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowakutanisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilitokana na OpenOffice, programu ambayo pia ndiyo iliyozaa LibreOffice. Hawakuhitaji kusubiri kampuni ione kwamba soko la Kiswahili lina faida. Leseni iliwaruhusu kutafsiri, wakatafsiri.

Mlango huo bado uko wazi. Miradi mingi ya programu huria inapokea tafsiri kutoka kwa watu wa kawaida, na si lazima ujue kuandika msimbo.

Je, ni salama?

Msimbo kuwa wazi hakumaanishi hauna kasoro. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopandikizwa kwenye XZ Utils, zana inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Alichokiona mwanzoni ni kwamba kuingia kwenye mashine kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Akafuatilia, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa wazi, aliweza kufika mpaka kwenye chanzo na kuutangazia ulimwengu kabla madhara hayajasambaa.

Kwa mtumiaji wa kawaida hatari kubwa iko kwenye kupakua. Mwaka 2022 matapeli walilipia tangazo kwenye Google lililoonekana kama la GIMP. Waliobofya walipelekwa kwenye tovuti ya kuiga, wakapewa kirusi kinachoiba manenosiri. Ruka matokeo yaliyoandikwa kuwa ni tangazo, na andika anwani mwenyewe: libreoffice.org, gimp.org, audacityteam.org, kdenlive.org, obsproject.com, videolan.org, keepassxc.org, linuxmint.com.

Yatakayokusumbua

Ukweli usemwe. Faili la Word lenye majedwali mengi linaweza kuvurugika kidogo likifunguliwa LibreOffice. Faili la Excel lenye makro linaweza kugoma. GIMP inafungua faili za Photoshop, lakini si kila kitu kitakaa kama kilivyokuwa. Programu za Adobe hazina toleo la Linux. Kama ofisi yako inadai faili za Photoshop zenyewe, leseni ya kulipia bado ni ya lazima.

Kwa barua, wasifu wa kazi na ripoti, kuna dawa rahisi: kabla ya kwenda kuchapa steshenari, hifadhi kama PDF. Haitabadilika hata ikifunguliwa kwenye kompyuta ya nani.

Anza hivi

Usihame vyote siku moja. Kwanza nakili faili zako zote kwenye diski ya nje. Weka LibreOffice na uitumie wiki mbili huku Word ikiwa bado ipo. Kisha ondoa programu moja iliyochakachuliwa, weka mbadala wake, uzoee, nenda kwenye inayofuata. Ukimaliza, kagua kompyuta kwa antivirusi iliyo hai na badilisha manenosiri yako yote, ukianza na la barua pepe, kwa sababu hilo ndilo linalofungua mengine.

Na fundi akikuuliza akuwekee nini, sasa una jibu.