Waliofungiwa Geti

Desemba 5, 1921, wazee wa Chama cha Soka cha England, FA, walikutana London wakapitisha azimio fupi. Halikumkataza mwanamke yeyote kucheza mpira. FA isingeweza kufanya hivyo hata ingetaka, maana timu za wanawake hazikuwa wanachama wake. Azimio lilisema mchezo huu hauwafai wanawake na wasitiwe moyo kuucheza, likalalamikia namna mapato ya mechi za hisani yalivyokuwa yakitumika, kisha likafika kwenye makali yake: klabu wanachama ziombwe kutotoa viwanja vyao kwa mechi za aina hiyo.

Liliitwa ombi, lakini kila kiongozi wa klabu alijua maana yake. Chama ndicho kinachotoa uanachama, na ndicho kinachoweza kukunyang'anya. Mageti yakafungwa, na yalikaa hivyo kwa karibu miaka 50.

Walioathirika zaidi walikuwa kina dada wa kiwandani ambao, mwaka mmoja tu kabla, walikuwa wamejaza Goodison Park. Desemba 26, 1920, watu 53,000 waliingia uwanja huo wa Everton kutazama Dick, Kerr Ladies wakicheza na St Helens Ladies. Maelfu wengine waliishia barabarani. Dick, Kerr walifika pungufu, kwani straika wao, Florrie Redford, alikuwa ameachwa na treni. Kipindi cha pili nahodha Alice Kell, ambaye kwa kawaida alikuwa beki wa kulia, alipelekwa mbele kuziba pengo. Akafunga mabao 3 peke yake. Mechi ikaisha 4-0, na mlangoni zikakusanywa zaidi ya pauni 3,000 za hisani.

Timu hiyo ilizaliwa Preston, mji wa viwanda wa kaskazini, ndani ya kampuni ya Dick, Kerr & Co. iliyokuwa ikitengeneza mabehewa ya tramu na injini za treni. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, kiwanda kikageuzwa kuwa cha risasi na makombora. Wanaume wakaenda mstari wa mbele, wanawake wakashika mashine. Wakati wa mapumziko walitoka uani na vijana wa kiume waliobaki, wakashindana nani atapiga mpira upite kwenye vidirisha vya chumba cha kuwekea makoti. Inasimuliwa kwamba karani mmoja, Alfred Frankland, alikuwa akiwaangalia kutoka dirisha la ofisi yake juu, na macho yake yaliona mbali kuliko ya wenzake. Siku ya Krismasi ya 1917 aliukodi uwanja wa Deepdale, wa Preston North End, klabu iliyotwaa ubingwa wa kwanza kabisa wa Ligi ya England bila kufungwa mechi hata moja. Wakaja watu 10,000. Kina dada wakaifunga timu ya kiwanda jirani, Arundel Coulthard, 4-0.

Hiyo kodi ya Deepdale ilionyesha uhusiano wa timu za wanawake na klabu za wanaume, nao ulikuwa wa mpangaji na mwenye nyumba. Mwanzoni ulimfaa kila mmoja. Ligi ya wanaume ilikuwa imesimama kwa sababu ya vita, viwanja vimekaa bure, na hospitali za majeruhi zinahitaji fedha. Nani angekataa?

Vita vikaisha 1918, ila mpangaji hakuhama. Frankland alianza kusajili. Kutoka St Helens alimleta binti wa miaka kama 15, Lily Parr, winga wa kushoto mrefu mwenye shuti ambalo wanaume walilisimulia kwa miaka. Parr alipewa kazi kiwandani na, kama wenzake, shilingi 10 kwa kila mechi kufidia muda wa kazi na gharama. Sigara hakuziacha, na inasemekana aliomba sehemu ya malipo yake iwe pakiti za Woodbine. Desemba 1920 walicheza Deepdale usiku, kwa mwanga wa taa kubwa za kijeshi zilizoazimwa serikalini, na mipira ikapakwa rangi nyeupe ili ionekane gizani. Watu 12,000 walilipa kuja kuona.

Sasa kwa nini wafungiwe? FA ilitaja hesabu za hisani, na kweli baadhi ya hesabu hizo hazikuwa safi. Madaktari nao walitafutwa, wakasema mwili wa mwanamke hauhimili mikiki ya kandanda, kana kwamba mwili huohuo haukuwa umebeba makombora zamu nzima kwa miaka 4. Mimi naamini sababu zilizosukuma zaidi zilikuwa mbili, na hazikuandikwa kwenye azimio. Ya kwanza ni kiingilio. Mwaka 1920 Ligi ilianzisha Daraja la Tatu, na 1921 ikaongeza la kaskazini, ikaingiza klabu nyingi za miji midogo ambazo ziliishi kwa fedha za mlangoni, katika eneo lilelile ambalo timu za wanawake zilikuwa zikivuta watu. Ya pili ni siasa. Mwaka huo wa 1921 wenye migodi ya makaa ya mawe waliwafungia kazi wachimbaji waliokataa kupunguzwa mshahara, na timu za wanawake zikacheza kuchangia chakula cha familia zao. Kuchangia askari majeruhi kuliwapendeza wakubwa. Kuchangia wachimbaji waliogombana na matajiri kulikuwa jambo jingine kabisa.

Frankland alijibu kwamba wataendelea hata ikibidi kucheza kwenye mashamba yaliyolimwa. Mwaka 1922 akaivusha timu bahari. Canada ikawakataa, wakaenda Marekani ambako waliwekwa kupambana na timu za wanaume. Mechi 9: wakashinda 3, wakatoka sare 3, wakafungwa 3. Nyumbani walihamia viwanja vya raga, viwanja vya mbio na bustani za manispaa. Waamuzi wenye vyeti vya FA hawakuruhusiwa kuwachezeshea. Timu ikabadili jina, ikawa Preston Ladies, ikadumu mpaka 1965 ilipokosa wachezaji wa kutosha. Parr alikuwa muuguzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na aliendelea kucheza mpaka 1951. Alifariki 1978. Mwaka 2002 jina lake lilikuwa la kwanza la mwanamke kuingizwa kwenye orodha ya magwiji wa soka la England, iliyowekwa na Makumbusho ya Taifa ya Soka. Makumbusho hayo wakati huo yalikuwa Deepdale, palepale alipofungiwa.

England haikuwa peke yake. Brazil iliwakataza wanawake kwa amri ya serikali tangu 1941, ikaiondoa 1979. Ujerumani Magharibi nayo, mwaka mmoja baada ya kutwaa Kombe la Dunia la 1954, ilizipiga marufuku klabu zake kuanzisha timu za wanawake wala kuwapa viwanja, mpaka 1970. Dawa iliyotumika Ujerumani ilikuwa ileile ya London.

Katika miaka hiyo ya giza zilikuwepo timu ambazo hazikumtegemea mwenye nyumba yeyote. Manchester Corinthians, iliyoanzishwa 1949, ilifanya mazoezi kwenye bustani ya Fog Lane. Bafu halikuwepo, na wachezaji wamesimulia jinsi walivyonawa matope kwenye bwawa la bata. Timu hiyohiyo ya bwawani ilikwenda Ujerumani 1957 ikarudi na kombe la mashindano ya Ulaya, na mkalimani wao safarini alikuwa Bert Trautmann, kipa wa Manchester City. Soka la wanawake lilikua mitaani bila leseni, bila mwamuzi rasmi, bila hata bomba la maji.

Marufuku iliondolewa kati ya 1970 na 1971, baada ya klabu 44 kuunda chama chao cha wanawake mwishoni mwa 1969. Mwaka huohuo wa 1969, huko Doncaster, wasichana waliokuwa wakiuza tiketi za bahati nasibu majukwaani siku za mechi za Doncaster Rovers walichoka kutazama tu. Wakaunda timu yao, wakaiita Belle Vue Belles kwa jina la uwanja ule. Baadaye ikajulikana kama Doncaster Belles, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo timu ya kuogopwa England. Walitwaa Kombe la FA la wanawake mara 6. Ligi ya taifa ilipoanza msimu wa 1991/92 wakashinda mechi zote.

Kisa chao cha 2013 huwa hakisimuliwi vya kutosha. Belles walikuwa kati ya klabu 8 zilizoanzisha Ligi Kuu ya Wanawake, WSL, mwaka 2011. Miaka miwili baadaye FA iliamua ligi hiyo igawanywe madaraja mawili, na nafasi zigawiwe kwa maombi, kwa kupima fedha, viwanja na mipango ya masoko. Msimu wa 2013 ukaanza. Belles walikuwa wamecheza mechi moja tu walipoambiwa kwamba msimu unaofuata watakuwa daraja la pili, hata wakimaliza wapi kwenye msimamo. Waliopewa nafasi ya juu ni Manchester City, ambao hawakuwa wamecheza WSL hata dakika moja. Miaka 3 baadaye City wakawa mabingwa. Belles walipambana, wakapanda, wakashuka, na mwaka 2018 wakatwaa ubingwa wa daraja la pili. Kisha wakajitoa wenyewe kwa kukosa fedha za leseni ya ligi hizo za juu.

Na mwenye nyumba tajiri naye haaminiki. Timu ya Lincoln Ladies ilihamishiwa klabu ya Notts County mwaka 2014. Aprili 2017, siku mbili kabla ya msimu kuanza, Notts County ikaivunja timu nzima. Wachezaji waliamka wakiwa hawana klabu.

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kutafsiriwa haya. Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania Bara ilianza msimu wa 2016/17, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens, timu ya mkoani Pwani isiyo na klabu kubwa ya wanaume mgongoni. Kufika 2020 Simba Queens walikuwa wameshika usukani, wakatwaa mataji 3 mfululizo, na 2022 wakamaliza wa nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake huko Morocco. Siku hizi Shirikisho la Soka Afrika, CAF, linazitaka klabu za wanaume zinazocheza mashindano yake ziwe na timu ya wanawake. Masharti hayo yameleta mishahara, mabasi na kambi ambazo Mlandizi isingeweza kuzigharamia, na sioni haya kuyasifu. Lakini timu inayoanzishwa ili kutimiza sharti hukumbukwa wakati wa ukaguzi wa leseni, na bajeti ikibana huwa ya kwanza kukatwa.

Ipo klabu moja ndogo iliyojaribu njia nyingine. Lewes ni mji mdogo kusini mwa England, karibu na Brighton, na timu yake ya wanaume inacheza madaraja ya chini, mbali na ligi kubwa. Tangu 2010 klabu ni mali ya mashabiki. Julai 2017 walitangaza kwamba bajeti ya timu ya wanawake na ya wanaume itakuwa sawa, na zote zitatumia uwanja mmoja uitwao Dripping Pan. Jambo hilo halikuwahi kufanywa na klabu yenye timu zote mbili zinazolipwa. Waliendelea hadi kuiandikia FA wakihoji kwa nini zawadi za Kombe la FA za wanaume zizidi za wanawake kwa tofauti kubwa kiasi kile.

Wanawake wa Lewes walikaa daraja la pili kwa misimu 6, wakicheza na timu zenye majina ya Ligi Kuu kifuani na fedha za Ligi Kuu nyuma yao. Mwaka 2024 wakashuka. Wanaume wao walikuwa daraja la saba. Wote bado wako Dripping Pan.