Dashibodi ya Land Rover ya mzee, na saa ya mafuta iliyotudanganya

Leo naweka kibodi kando kidogo, ingawa mtaona sikwenda mbali.

Rafiki yangu alirithi Land Rover Series IIA ya babake, ya mwaka 1970. Mafundi walifufua injini, wakanyoosha bodi, kisha akaniita mimi mtu wa programu na ombi moja: "Ng'oa hizo saa za kizamani, weka skrini." Nilikubali haraka mno.

Tuanzie mbali. Dashibodi haikuzaliwa na gari. Ilikuwa ubao mbele ya kigari cha farasi, wa kuwakinga abiria na matope yanayorushwa na kwato. Magari ya injini yaliurithi, na saa zikaja moja moja baadaye. Mwaka 1902 Mjerumani Otto Schulze alipata hataza ya spidomita ya aina hii hii iliyo kwenye gari la mzee. Kebo kutoka giaboksi huzungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Alumini hainaswi na sumaku, lakini sumaku ikizunguka huzua mikondo ya umeme ndani ya kikombe, na mikondo hiyo hukivuta kikombe kifuate. Springi ndogo hukizuia. Nguvu hizo mbili zinapolingana, mshale husimama. Hakuna betri, hakuna chipu.

Saa za Series IIA ziko katikati, si mbele ya dereva. Sababu si urembo: paneli moja ilifaa gari la usukani wa kulia na la kushoto. Ni Series III ya mwaka 1971 iliyozihamishia mbele ya dereva.

Na msidhani sisi ndio wa kwanza kuchezea dashibodi. Madereva wa mashindano ya miaka ya 1960 walifunga Halda Tripmaster ya Uswidi, iliyokula mzunguko wa kebo ya spidomita. Ukibadilisha saizi ya magurudumu, ulibadilisha vigia vyake ili hesabu ya masafa iwe sahihi. Hata skrini si wazo letu. Aston Martin ilionyesha Lagonda mwaka 1976 ikiwa na tarakimu za kung'aa badala ya mishale, na wanunuzi walianza kuipata mwaka 1979 tu, umeme wake ukiwa umewasumbua wahandisi. Nilimsimulia rafiki yangu. Alicheka.

Basi nikaunganisha kompyuta yangu ya chipu moja kwenye waya wa tangi la mafuta. Namba zikaanza kuruka: juu, sifuri, juu, sifuri. Nilikesha siku mbili nikitafuta kosa katika programu yangu. Halikuwepo (si kawaida, najua).

Nyuma ya paneli kuna kijisanduku cha bati cha kutuliza volti. Betri ya volti 12 hupanda hadi kama 14 injini ikinguruma, na saa ya mafuta ingepanda nayo. Ndani ya kijisanduku kuna ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya wa joto. Ukanda ukipata moto hupinda na kukata umeme. Ukipoa hurudi na kuuwasha tena. Wastani wake ni kama volti 10. Saa yenyewe nayo hutumia ukanda wa joto, mzito wa kubadilika, hivyo mshale hautikisiki. Watengeneza programu wenzangu mmeshaitambua mbinu hii: kuwasha na kuzima upesi ili kupunguza nguvu, kama tunavyofifisha taa ya LED. Hawa walifanya hivyo kwa bati na joto tu.

Laiti ningeishia kustaajabu. Nilikuwa nimepaka paneli rangi nyeusi, nene, mbele na nyuma. Kijisanduku hupata njia ya kwenda kwenye bodi kupitia mwili wake na skrubu inayokishika. Rangi yangu iliziba njia hiyo. Waya wa joto ukakosa umeme, ukanda haukupinda, volti zote za betri zikapita moja kwa moja.

Jumamosi tukapanda kutoka Mai Mahiu na mamake rafiki yangu. Jioni, malori nyuma yetu, mshale ukiwa karibu robo, injini ikakata. Tangi lilikuwa kavu. Tulisukuma gari pembeni, rafiki yangu akaondoka na mtungi kutafuta petroli, nami nikabaki na mama. Nikamwomba radhi.

"Mzee hakuwahi kuiamini hiyo saa," akasema. "Alipima kwa kijiti. Kipo chini ya kiti."

Kilikuwepo.

Kisha akaniuliza kama skrini yangu ingefuta namba za spidomita, zile za maili. Nikamwambia zitatoka pamoja na saa yenyewe. Akanyamaza, halafu akanihesabia safari za kupeleka watoto shule, za hospitali, za mazishi. Zote zimo humo, akasema.

Jumatatu nilikwangua rangi pale kijisanduku kinapokaa, nikakaza skrubu, mshale ukashuka mahali pake. Saa zote zimebaki. Kihisi changu kinahesabu mizunguko ya kebo bila kuikata, na kiskrini kidogo cha kilomita kimefichwa chini ya rafu, ukitaka unakivuta. Kijiti nimekirudisha chini ya kiti.