Nani Aliketi Kando ya Mshtakiwa? Kamati za Wafanyakazi na Kanuni ya Nidhamu ya 1964

Makala haya yanachunguza swali moja katika historia ya kazi Tanzania Bara: mfanyakazi alipoitwa mbele ya menejimenti kujibu shutuma, aliyesimama upande wake alikuwa mtu wa nani?

Chini ya Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya 1923 swali lenyewe halikuwapo. Utoro kazini ulihesabiwa kuwa jinai, na mtumishi alijibu peke yake. Asiyekumbuka hali hiyo hawezi kupima uzito wa Sheria ya Usalama wa Ajira ya 1964. Kwa mujibu wa sheria hii, kila mahali pa kazi penye wanachama kumi au zaidi wa chama cha wafanyakazi palipaswa kuundwa Kamati ya Wafanyakazi. Kanuni ya Nidhamu iliyoambatanishwa nayo ilitaja makosa na adhabu zake kwa ngazi: onyo la maandishi, karipio, faini, na hatimaye kufukuzwa papo hapo. Mwajiri hakuruhusiwa kumfukuza mtu kwa kosa la nidhamu kabla ya kushauriana na Kamati. Kushauriana tu, lakini, kwani Kamati haikuwa na uwezo wa kumzuia. Asiyeridhika alikata rufaa kwenye Baraza la Usuluhishi, kisha kwa Waziri, ambaye uamuzi wake ulikuwa wa mwisho. Milango ya mahakama ilifungwa.

Hapo ndipo penye utata. Mwaka huohuo wa 1964, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilivunjwa na mahali pake pakachukuliwa na NUTA, chama pekee, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Haki ya kugoma ilikuwa imekwisha kubanwa tangu 1962. Michael Kamaliza alishika nyadhifa mbili kwa wakati mmoja: Waziri wa Kazi na Katibu Mkuu wa NUTA. Basi mlalamikaji aliyefikisha rufaa yake kileleni alimkuta mtetezi wake amekalia kiti cha hakimu. Kamati nazo zilikabidhiwa, pamoja na utetezi, jukumu la kuhimiza tija na nidhamu. Mjumbe wa Kamati alivaa kofia mbili, na si kila mara aliyeshtakiwa aliweza kutambua ni ipi iliyokuwa kichwani siku hiyo.

Mwongozo wa TANU wa 1971 uliitikisa hali hii. Kifungu chake cha 15, kilichokataza viongozi kuwa na kiburi na dharau, kilishikwa na wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam, nao wakaanza kuwashtaki mameneja, mara nyingi bila kuingoja NUTA. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikitwaa kiwanda chenyewe. Kwa wanafunzi wa lugha jambo hili linavutia: matamshi ya meneja, yaliyokuwa yakivumiliwa kama desturi ya kazi, yaligeuka kuwa kosa la kujibiwa hadharani.

Sheria ya 1964 ilifutwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kanuni za 2007 zilizotungwa chini yake humpa mfanyakazi angalau saa 48 za kujiandaa, shutuma katika lugha anayoielewa, na msaada wa mwakilishi wa chama au wa mfanyakazi mwenzake. Neno hilo “au” si dogo. Kwa mara ya kwanza mshtakiwa anaweza kumchagua mtu asiyetokana na chama chochote.

Jirani zetu wa Kongo walipita njia inayofanana. Mwaka 1967 vyama vyao viliunganishwa kuwa kimoja, hadi 1990 vilipofunguliwa tena. Hata hivyo Zaire, mwaka 1987, iliridhia Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, unaotaka mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa kwa sababu ya mwenendo wake. Tanzania haikuuridhia. Lakini lugha rasmi ya Kongo ni Kifaransa. Kibarua wa Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma, aliyezoea kujieleza kwa Kiswahili, akipokea barua ya kutakiwa maelezo kwa Kifaransa, humhitaji kwanza mtu wa kumsomea.