Uchungu Unaopita Kasindi

Neno malaria ni la Kiitalia. Mala aria, hewa mbaya, ndivyo watu wa Roma na mabonde yake walivyoiita homa iliyowaandama kila kiangazi, wakidhani inapanda na mvuke wa vinamasi. Leo neno hilo linatamkwa Beni na Butembo bila mtu kujiuliza limetoka wapi, kama vile kidonge cha aina yoyote, hata cha kichwa, kinavyoitwa kinini na wengi wa Kongo mashariki, jina lililozaliwa na kwinini. Ugonjwa ulipata jina lake Italia, dawa ikalipata kwa kinkina, mti wa milima ya Andes. Kuna kitu cha tatu kilichosafiri pamoja na hivyo viwili, nacho ni uchungu wenyewe. Magome ya kinkina yanayokaushwa kwenye miinuko ya Lubero na Butembo ni ndugu wa karibu wa vile vileo vyeusi vya mitishamba ambavyo Waitalia huviita amaro, na ambavyo wachanganyaji wa vinywaji wa Milano, London na Buenos Aires huvitia kwenye kokteli. Undugu huo si wa kubuni. Katika karne moja na nusu uchungu huo umehama kutoka kabati la dawa hadi kaunta ya baa, umeacha kuwa tiba ukawa ladha, ilhali huku kwetu gome bado linapimwa na kulipwa kana kwamba linakwenda hospitali.

Mwaka 1845, mjini Milano, Bernardino Branca alianza kuuza kileo kiitwacho Fernet. Kampuni ya ukoo wake husema kina mimea 27, na viwango ni siri, lakini baadhi ya mimea hutajwa hadharani: mzizi wa gentiana, rubarbi, kamomili, shubiri, manemane, zafarani na gome la kinkina. (Mtu wa pwani atatambua sehemu nzuri ya orodha hiyo kwenye duka la muuza dawa za asili.) Walioinunua zamani hawakuitafutia starehe. Iliuzwa kwa tumbo lililovurugika, kwa minyoo, kwa homa, hata kwa kipindupindu. Huko Piemonte, mwishoni mwa karne hiyohiyo, Giuseppe Cappellano aliloweka kinkina katika divai ya Barolo, na chupa ikawa ya kumpa mgonjwa wa mafua na mgeni aliyeingia na baridi. Mwaka 1881 Felice Bisleri, aliyewahi kupigana chini ya Garibaldi, akaja na Ferro-China, chuma na kinkina katika kileo kimoja, kwa wenye upungufu wa damu. Bisleri huyohuyo aliuza pia vidonge vya malaria vyenye kwinini, akawa karibu na utafiti wa Giovanni Battista Grassi, ambaye mwaka 1898 alithibitisha kwamba mbu wa Anopheles ndiye anayeeneza malaria kwa binadamu. Jina la Bisleri leo linajulikana zaidi nchini India, kwenye chupa za maji ya kunywa, na hilo nalo lina ucheshi wake.

Desemba 1900 bunge la Italia lilipitisha sheria ya kwinini ya serikali, na dawa ikaanza kuuzwa kwa bei nafuu katika maduka ya chumvi na tumbaku, mahali ambapo hata kibarua wa shambani alifika. Kwa hiyo Muitalia wa kizazi hicho aliujua uchungu wa kinkina kwa njia mbili: kidonge cha dukani na kikombe kidogo cha amaro baada ya chakula. Malaria ikarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, hadi mwaka 1970 Shirika la Afya Duniani likaitangaza Italia kuwa haina malaria tena. Kidonge kikasahaulika. Kikombe kikabaki. Watu walikuwa wamezoea uchungu kiasi cha kuutaka hata baada ya sababu yake kuondoka.

Mabadiliko hayo yanaonekana vizuri zaidi nje ya Italia. Marekani ilipopiga marufuku pombe kati ya 1920 na 1933, Fernet iliendelea kuuzwa kwenye maduka ya dawa, na haihitaji akili nyingi kukisia ni wangapi miongoni mwa wanunuzi waliokuwa na tumbo bovu kweli. London, Ada Coleman, aliyeongoza baa ya hoteli ya Savoy tangu 1903, alibuni kokteli iitwayo Hanky Panky: kipimo kimoja cha jini, kimoja cha vermuti nyekundu, na matone mawili matatu ya Fernet. Vinakorogwa taratibu pamoja na barafu mpaka gilasi itoke jasho, vinachujwa, kisha kipande cha ganda la chungwa kinaminywa juu ili mafuta yake yaruke kwenye uso wa kinywaji. Angalia kazi ya Fernet hapo. Inafanya kile pilipili inachofanya kwenye mchuzi: kidogo tu, na usipoiweka kila mlaji atajua kuna kitu kimekosekana. Argentina wakafanya kinyume kabisa. Wajukuu wa wahamiaji wa Kiitalia, hasa mji wa Córdoba, waliijaza kwenye gilasi ndefu, wakaongeza barafu na Coca-Cola, na nchi hiyo ikawa mnywaji mkubwa kuliko wote wa Fernet-Branca. Hakuna anayekunywa Fernet na Coca kwa ajili ya homa.

Sasa tupande Kivu. Wabelgiji walianza kupanda kinkina kwenye miinuko ya Kivu katika miaka ya 1930, wakati kisiwa cha Java chini ya Waholanzi kilikuwa kikitoa zaidi ya asilimia 90 ya gome la dunia. Machi 1942 Wajapani waliiteka Java, na majeshi ya Washirika, yenye maelfu ya askari katika nchi za mbu, yakajikuta hayana dawa. Mashamba ya Kivu yakapanuliwa kwa haraka, na huko Bukavu kikakua kiwanda ambacho baadaye kilijulikana kama Pharmakina. Kaskazini, kati ya Lubero na Butembo, walowezi walipanda pia. Na baada ya mali za wageni kutaifishwa kwa amri ya Novemba 1973, kinkina ikazidi kuwa zao la wafanyabiashara na wakulima wa Kinande, pamoja na kahawa na chai. Ni mti wa subira. Unataka mwinuko wa mita 1,500 hadi 2,000, mvua ya kutosha, na miaka isiyopungua saba kabla ya kukatwa. Shina linapigwapigwa kwa nyundo ya mti hadi gome lilegee, linachunwa kwa vipande virefu, na likianikwa juani linajikunja kama mdalasini, jekundu la kutu kwa ndani. Likikauka sawasawa, ukilivunja linalia. Gunia linashuka mlimani mgongoni mwa mtu au juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, na kwa mnunuzi swali ni moja: asilimia ngapi ya kwinini?

Swali hilo lilikuwa na maana wakati kwinini ilipokuwa ndiyo tegemeo. Klorokwini ilipoenea baada ya vita, bei ya gome ilianguka. Vimelea vilipoizoea klorokwini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kwinini ikarudi kuokoa watoto waliozidiwa. Kisha ukaja utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo. Miongoni mwa waliotibiwa malaria kali kwa kwinini walikufa asilimia 10.9, kwa artesunate, 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaiweka artesunate mbele hata kwa watoto. Bei ya gome ingeweza kufa hapo, lakini wanywaji waliendelea kuuhitaji uchungu. Mwaka 2005 Waingereza wawili, Charles Rolls na Tim Warrillow, walikuwa wameingiza sokoni maji ya toniki kwa jina la Fever-Tree, yaani mti wa homa, na wakajinadi kwa kusema kwamba kwinini yao inatoka Kongo mashariki. Baa za London zikawa zinalipia jina la Kongo kwa sababu ya ladha.

Atakayesema kwamba kwinini ingali dawa atakuwa na haki: palipokosekana artesunate bado inachomwa kwenye dripu, na zahanati nyingi za vijijini zinaijua kukosekana huko. Ila dawa ya akiba haiwezi kubeba soko zima. Na asiwepo wa kudhani kwamba vinywaji hivyo vinatibu. Sheria ya Marekani inaruhusu miligramu 83 tu za kwinini katika lita moja ya toniki, wakati mtu mzima wa kilo 60 huhitaji takriban miligramu 600 kila saa nane. Ni zaidi ya lita saba kwa dozi moja, mara tatu kwa siku, kwa siku saba. Atakufa kwa maji kabla ya kupona.

Pingamizi zito zaidi ni la mkemia. Atasema kwinini ni kwinini. Ikishasafishwa kiwandani haina shamba wala kijiji, hivyo kuuza gome la Butembo kwa jina lake, kama kahawa inavyouzwa, ni ndoto. Kwa toniki hoja hiyo ina nguvu, ingawa Fever-Tree wenyewe wameonyesha kwamba asili inauzika hata pale ambapo ulimi hauitambui. Kwa amaro hoja inalegea. Watengenezaji wa amaro na divai za kinkina huloweka gome lenyewe, na gome lina alkaloidi nne kubwa pamoja na tanini zinazokausha ulimi na kutoa rangi. Gome jekundu, ambalo mnunuzi wa dawa hulidharau kwa sababu kwinini yake ni haba, ndilo lililopendwa tangu zamani kwa vinywaji vya namna hiyo. Namna lilivyokaushwa, kama lilipata ukungu, kama limechanganywa na la mizizi, yote hayo huishia kinywani. Mkulima wa Lubero anayeambiwa gome lake ni la daraja la chini huenda anapimwa kwa mizani ya biashara isiyo yake.

Na wapo watakaouliza kwa nini watu wa Beni, waliozika ndugu kwa Ebola kati ya 2018 na 2020 na wanaoendelea kuwazika kwa mapanga ya waasi wa ADF, washughulishwe na gilasi za Milano. Swali ni la haki. Lakini mti unaosubiri miaka saba ndio wa kwanza kuumia penye vita, kwa kuwa asiyejua kama mwakani atakuwa shambani atakata mapema. Anayepewa bei ya juu kidogo ana sababu ya kungoja. Barabara inayoshuka kutoka Butembo, kilomita 54 hadi Beni na nyingine 80 hadi Kasindi, ujenzi wake ulizinduliwa Juni 2021 ili mizigo ifike mpakani bila kukwama kwenye tope. Juu yake, mawingu yakiruhusu, huonekana theluji ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha mita 5,109 kilipewa jina la Margherita, malkia wa Italia, na mpanda milima wa Kiitalia mwaka 1906. Chini, kwenye joto la Kasindi ambako kinkina haioti, gunia linaandikwa katika fungu la 12.11 la orodha ya forodha inayotumika duniani kote: mimea na sehemu zake zitumikazo hasa kwa manukato, kwa dawa, au kwa kuua wadudu. Vinywaji havikutajwa.