Usugu Ni wa Nani?

Tatizo la dawa kushindwa kuua vijidudu Kiswahili kimelipa jina rasmi: usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Watanzania wameshalifupisha kuwa UVIDA. Kisarufi halina kasoro, ila ukilipeleka wodini Kisumu litakukwamisha mara mbili.

Kwanza, vimelea. Kando ya Ziwa Victoria neno hilo lina mwenyewe, nayo ni malaria. Vimelea ndivyo vinavyotafutwa kwenye tone la damu chini ya hadubini. Ndivyo pia vilivyoishinda klorokwini hadi Kenya ikaiweka kando mwaka 1998 na kushika Fansidar, kisha mwaka 2004 ikaamua kuhamia dawa mseto za artemisinini. Mwambie mtu wa Kondele, mtaa wa Kisumu, kwamba vimelea vimekuwa sugu, atakuuliza habari za mbu. Lakini kinachomsumbua mgonjwa aliyelazwa miezi miwili, ana mpira wa mkojo na kidonda cha kulalia, aghalabu ni bakteria: Klebsiella, Acinetobacter, Pseudomonas. Utafiti wa CHAMPS, unaochunguza sababu za vifo vya watoto Kisumu na Siaya na pia katika nchi nyingine, umeikuta Klebsiella pneumoniae mara nyingi mno, ikiwemo ile iliyoambukizwa hospitalini.

Pili, sugu yenyewe. Asili yake ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, kama kiganja cha mvuvi wa omena anayevuta nyavu usiku kucha. Kutoka hapo tukapata mlevi sugu, mdeni sugu, na ugonjwa sugu kama kisukari. Katika yote hayo, mwenye sugu ni mtu au maradhi yake. Si ajabu basi mgonjwa akisikia habari za usugu hujibu, "Kumbe mwili wangu umeshazoea dawa." Akitoka hapo huenda duka la dawa kutafuta kali zaidi.

Kiganja cha mvuvi kinapotosha kwa sababu ni kile kile kilichokuwa laini jana. Bakteria hawaendi hivyo. Dawa huwaua wanyonge, wakabaki wachache waliokuwa tayari na jeni ya kujikinga. Hao ndio huzaana, tena hugawiana jeni hizo hata na bakteria wa aina nyingine kupitia vipande vya DNA viitwavyo plasmidi.

Anayetaka ushahidi aende maabara. Bakteria kutoka kidondani hupakwa kwenye sahani ya kuoteshea, juu yake vikawekwa visahani vya karatasi vyenye dawa, kila kimoja na yake. Kesho yake, dawa inayofanya kazi imezungukwa na duara safi. Iliyoshindwa, utando wa bakteria umeifikia hadi ukingoni mwa karatasi. Kwenye cheti cha majibu, ya kwanza huandikiwa S, ya pili R. Mwili wa mgonjwa haumo kabisa kwenye sahani ile.

Kisumu si mji wa kulazimishwa majina. Hospitali kuu ya rufaa, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, lakini wengi bado huiita Russia. Kwa hiyo nashauri tusikilize kwanza wanachosema watu: "Kidonda hakisikii dawa." Usemi huo umemweka mkaidi mahali pake. Ukigeuzwa kidogo ukawa "bakteria hawa hawasikii dawa hii," unapata yote anayohitaji mgonjwa: nani, na dawa ipi. Hata hiyo "hii" ni muhimu, maana huenda ipo nyingine wanayoisikia.

Usugu ubaki kwenye mipango ya wizara, panapohitajika nomino. Kitandani, kitenzi kina kazi zaidi. Anayeamini mwili wake umezoea dawa ataomba dozi kubwa. Aliyeelewa kwamba mkaidi ni bakteria, na kwamba bakteria huhama, ataelewa kwa nini muuguzi ananawa kabla ya kumgusa jirani yake, kwa nini kitanda chake kimetengwa, na kwa nini mpira wa mkojo hutolewa mara tu usipohitajika.