Yemen: Dola, Madhehebu na Makazi

Yemen ni nchi iliyo katika pembe ya kusini-magharibi ya Rasi ya Uarabuni, ikitazamana na Pembe ya Afrika ng'ambo ya mlangobahari wa Bab el-Mandeb. Jina lake ni kongwe, ila dola moja yenye jina hilo ni changa: ilizaliwa tarehe 22 Mei 1990, zilipoungana Yemen ya Kaskazini na Yemen ya Kusini.

Kaskazini ilikuwa milki ya maimamu wa Kizaidi, kwa vipindi, tangu mwaka 897 hadi mapinduzi ya Septemba 1962. Kusini ina historia nyingine. Waingereza waliiteka bandari ya Aden mwaka 1839 wakaondoka 1967, na dola iliyofuata ikawa ya pekee katika Waarabu kushika siasa za Kimarx. Vita vya 1994 vilidhihirisha kwamba muungano ulikuwa haujashikamana.

Istilahi tatu huchanganywa mno, na kosa hilo si dogo. Uzaidi ni tawi la Ushia linalofuata jina la Zaid bin Ali. Kifiqhi liko karibu na Sunni. Ushia wa Iran ni ule wa Maimamu Kumi na Wawili, tawi jingine kabisa. Uhuthi ni harakati ya kisiasa na kijeshi iliyoanzia mkoa wa Saada, kaskazini, na imechukua jina la ukoo wa viongozi wake. Wahuthi wamechipuka katika Uzaidi, lakini si kila Mzaidi ni Mhuthi. Rais Ali Abdullah Saleh, Mzaidi kwa nasaba, alipigana nao mara sita kati ya 2004 na 2010, baadaye akashirikiana nao, na hatimaye wakamuua Desemba 2017. Wayemeni wengine wengi, hasa wa pwani na kusini, ni Masunni wa madhehebu ya Shafii.

Vita vya sasa vilianza Wahuthi walipoutwaa mji mkuu, Sanaa, Septemba 2014. Machi 2015 muungano ulioongozwa na Saudi Arabia ukaingilia kati. Umoja wa Mataifa ulikadiria vifo 377,000 hadi mwisho wa 2021, vingi vikitokana na njaa, maradhi na kukosa huduma kuliko risasi na mabomu.

Nyumba ya jadi ya mjini Sanaa ni ghorofa nyembamba iendayo juu. Chini hujengwa kwa mawe, mahali pa mifugo na nafaka. Juu ni matofali ya kuchoma, yaliyotiwa nakshi nyeupe za jasi. Juu ya dirisha hukaa qamariya, nusu duara ya vioo vya rangi vilivyoshikwa na jasi. Kileleni kuna mafraj, sebule ya alasiri, ambako wageni huegemea mito wakitafuna mirungi huku mwanga mwekundu na wa buluu ukitambaa mkekani.

Hadhramaut, mashariki, ndiyo sehemu yenye uhusiano wa karibu zaidi na Waswahili. Masharifu wenye asili ya mji wa Tarim ndio walioufanya msikiti wa Riyadha wa Lamu kuwa kituo cha elimu, na Washihiri wamepata jina lao kutoka bandari ya Shihr. Shibam, mji wa maghorofa ya udongo katika bonde la Hadhramaut, huhitaji kukandikwa upya kila mara, la sivyo mvua huula. Tangu 2015 Shibam na Sanaa ya kale zimo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia ulio hatarini.