Swala wa Saanane

Siku za mwisho za Machi 1979, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilikuja Mwanza kulipua matangi ya mafuta. Ikakosa shabaha. Silaha zake zikaangukia Kisiwa cha Saanane, bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964 karibu na Capri Point, zikaua swala kadhaa na kumjeruhi kidogo mfanyakazi mmoja. Ndiyo habari yote. Sisi tuliokulia Kirumba tumeisimulia hadi imechakaa, na kila mara kwa kicheko: Gaddafi kaja kupigana na Nyerere, kaishia kuwinda swala.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Ilemela, ilimo Kirumba, haikuwa bado wilaya. Kwetu yote ilikuwa Mwanza mjini. Vita yenyewe tuliijua kwa redio. Oktoba 1978 majeshi ya nduli Idi Amin wa Uganda, ambaye Libya ya Gaddafi ilimuunga mkono, yaliingia Kagera, na Novemba 2 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Maneno hayo matatu tuliyabeba mpaka kwenye ugomvi wa gololi. Shuleni tulichimba mahandaki, na anayeijua Mwanza anajua maana ya kuchimba hapa: unashuka kidogo tu, jembe linagonga jabali. Handaki letu liliishia kiunoni. Mwalimu wa zamu akalitazama, akasema basi hilo litakuwa la darasa la kwanza, akatuhamishia pembeni tuanze upya. Usiku mama aliificha koroboi chini ya meza, mwanga usionekane dirishani. Nasema kweli, hatukuogopa. Tulikuwa tukiomba ndege ije tuione.

Ilipokuja, wengi wetu hatukuiona. Niliijua vizuri miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nafundisha historia. Tu-22 iliingia kazini katika jeshi la Umoja wa Kisovieti mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilibuniwa kwa kazi moja kubwa: kupenya ulinzi wa nchi za Magharibi kwa kasi kupita ya sauti na kudondosha bomu la nyuklia. Ilibeba watu watatu. Mitambo yake ya kupozea ilitumia maji yaliyochanganywa na spiriti, na mafundi na marubani wakawa wanayanywa, hata wenyewe Warusi wakaibandika ndege hiyo jina la utani la mbeba pombe. Miaka ya 1970 Libya iliuziwa ndege hizo zikiwa na mabomu ya kawaida. Kwa hiyo chombo kilichotumwa kuchoma mafuta ya Mwanza kilikuwa kimezaliwa kwa ajili ya kuteketeza miji mizima ya Ulaya.

Kuna jambo la pili ambalo kwenye kicheko chetu halimo. Kati ya mwaka 1978 na 1981, yaani vita yetu ikiwa katikati ya miaka hiyo, Libya iliingiza zaidi ya tani 2,000 za urani iliyosafishwa nusu, sehemu kubwa ikitoka Niger. Gaddafi alikuwa akilitafuta bomu lake mwenyewe, na hakutangaza kuacha hadi Desemba 19, 2003. Mwafrika alichimba, Mwafrika akauza, Mwafrika akanunua, na mnunuzi huyo huyo ndiye aliyempa Nyerere saa 24 aondoe majeshi yake Uganda. Bomu hakulipata. Lakini nia alikuwa nayo, na wanaodhani silaha hizi ni ugomvi wa Mmarekani na Mrusi peke yao waisome upya ile Machi.

Rubani alilenga matangi, akapiga kisiwa. Mwanzoni mwa vita hiyo hiyo, makombora yetu wenyewe kule Musoma yalitungua ndege zetu wenyewe tatu, yakizidhani za adui. Sitaji haya kuwadharau askari. Vita ndivyo ilivyo, macho huona kinachoogopwa. Kwa bomu la kawaida kosa la namna hiyo huua swala, au marubani wetu, nao tunawazika kwa heshima. Kwa bomu la nyuklia kukosa shabaha hakuna maana yoyote, maana Saanane, Kirumba, Bwiru na Pasiansi zote zingekuwa ndani ya shabaha. Maji ya ziwa tunayokunywa sisi, Wakenya na Waganda yangebeba yaliyobaki.

Na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililopiga Hiroshima Agosti 6, 1945 ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ambako watu huongea Kiswahili kama sisi. Waliochimba hawakuambiwa wanachimba nini.

Pamoja na hayo, nenda leo kwenye kijiwe chochote cha kahawa hapa Kirumba, jioni. Makombora ya Urusi yanajadiliwa kama usajili wa Simba na Yanga. Fulani ana masafa marefu, fulani ana kasi, yule mwingine kaishiwa. Kijana asiyejua Kaboya, makaburi ya mashujaa wetu wa Kagera, atakutajia kombora la Oreshnik bila kujikwaa. Nimeshaona daladala la njia ya Airport likiwa na picha kubwa ya Gaddafi nyuma, katika mji alioutumia ndege ya mabomu. Dodoma kuna msikiti unaojulikana kwa jina lake. Kusamehe ni jambo jema na sina ugomvi na msikiti. Ninachokataa ni kumshangilia mwenye silaha kwa sababu tu anayo.

Kwa maana nchi hii iliwahi kuwa na msimamo wake. Juni 12, 1968, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopigia kura Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, nchi 95 zilikubali na nne zikakataa: Albania, Cuba, Zambia na Tanzania. Mimi naielewa kura ile hivi: huwezi kuwaambia wasio nazo waape kutozitafuta huku watano wakibaki nazo kwa hati. Tulijiunga baadaye, mwaka 1991. Kisha Aprili 11, 1996, miaka 17 kamili tangu Kampala ilipotangazwa kuanguka, Waafrika wakatia saini Cairo Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara letu lisiwe na silaha za nyuklia. Ulianza kufanya kazi Julai 15, 2009. Shuleni tarehe za mkataba huo hazifundishwi. Ya kuanguka kwa Kampala ndiyo inayojulikana.

Mama mmoja wa dagaa pale Mwaloni aliniuliza siku moja, huku akikaza kamba ya gunia la kwenda Congo: "Mwalimu, hiki cheti cha mionzi ni cha nini? Dagaa na atomiki wapi na wapi?" Nikamweleza habari za Chernobyl, Aprili 26, 1986, na jinsi nchi zilivyoanza kuogopa vyakula vya wenzao. Akasikiliza, akasema, "Kwa hiyo wao walichafua, sisi tunalipia cheti." Sikuwa na la kuongeza.

Mionzi yenyewe si adui. Kule Bugando inatibu saratani. Unguja ilisafishwa mbung'o katika miaka ya 1990 kwa kuachia madume waliohasiwa kwa mionzi, waliofugwa Tanga, na tangu mwaka 1997 kisiwa hakina mbung'o. Wataalamu wa Tume ya Nguvu za Atomiki wanafanya kazi ambayo wengi hatuijui. Lakini Julai 30, 2025, kule Namtumbo, Rais alizindua mtambo wa majaribio wa urani katika mradi wa Mto Mkuju, ulio chini ya kampuni tanzu ya Rosatom ya Urusi. Eneo lile lilimegwa kutoka Selous mwaka 2012. Sasa sisi ndio Niger. Sisi ndio Shinkolobwe.

Wanaozungumzia mradi huo hutaja ajira na mapato, na hayo ni halali. Ndugu msomaji, hasa wewe wa Ilemela unayebishana makombora kila jioni, mwombe mbunge wako aulize bungeni, kwa Kiswahili, mambo mawili: urani hiyo itauzwa kwa nani, na ni nani kwa upande wetu atakayeifuatilia hadi inakotumika. Majibu yachapishwe magazetini.